Miskin

Mzee ninayemwendeshea gari huku Umm Salal, Uarabuni, tunamwita Baba, kama wanavyoitwa wenye nyumba wote. Mara ya kwanza aliponituma kwenye magereji ya Sanaya nikamletee "rasas", nilijua nitaozea jela kwa kubeba risasi za bunduki. Kumbe alitaka madini ya risasi yenyewe, vile vipande vizito vinavyogongwa kwenye rimu wakati wa kubalansi magurudumu. Kila Ijumaa baada ya swala huviyeyusha nyuma ya jiko, akachota kwa upawa na kumimina ndani ya kalibu ya shaba. Ikipoa huifungua, akatoa kigololi na kukiviringisha chini ya kidole gumba chenye kovu la moto. Kikiwa na mkunjo, husema "miskin", yaani maskini, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mgonjwa, akakirudisha motoni. Vilivyo vizuri huvitia katika mfuko wa ngozi, akiba ya risasi za gobori la marehemu baba yake lililotundikwa sebuleni.

Mwezi uliopita mwanawe mkubwa alikuja akalichukua gobori, akisema mzee ameanza kusahau, atakuja kuua mtu. Ijumaa iliyofuata mzee aliwasha moto kama kawaida. Phoebe, mpishi wetu, akaninong'oneza, "Sasa hizo za nini, na bunduki imeenda?"

"Nyamaza tu, dada."

Mzee alitoa kigololi laini kisicho na doa, akakipapasa kwa muda mrefu. "Miskin," akasema, akakirudisha motoni. Kisha akaufungua ule mfuko, akaanza kuvitoa vya zamani kimoja kimoja, na kila kimoja akakiita miskin.