Nguo ya Kalamu

Acheni niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine: yule mwanamuziki aliyepasukiwa na nguo mbele ya pasta kule Bungoma, nguo ile nilishona mimi.

Nafuna mnamjua, yule wa nyimbo za mapenzi ambaye nguo zake huzungumziwa kuliko nyimbo zenyewe. Mimi ndiye fundi wake tangu akiimba kwenye harusi hapa Kitale, na hata lile gauni la neti lililofanya watu wagombane redioni wiki nzima (wengine ati ni shetani, wengine ati ni joto tu) lilitoka kwa cherehani yangu. Nililionea fahari, sidanganyi. Lakini lilimkosanisha na mamake (mayi, kama anavyomwita), mama wa kanisa, ambaye tangu siku hiyo hakupokea simu ya bintiye hata moja.

Basi siku moja Nafuna akanipigia. "Fundi, niaje? Mayi amekubali nikuje nyumbani Jumamosi. Nishonee nguo ya kalamu, vipimo si unazo? Na bana, usiniangushe."

Hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu ningeuliza tu "kalamu gani?" mambo yangeisha, lakini fundi wa msanii anaulizaje, si ataonekana amebaki nyuma? Sisi mafundi tuna skati ya penseli, ile ya kubana mpaka magotini, nikawaza, huyu amepita penseli. Si hata shuleni mtu akifika darasa la nne anaacha penseli anapewa kalamu? Na kalamu ni nyembamba zaidi! Nikapunguza hapa, nikapunguza pale, mpaka hata sanamu yangu ya dukani (ambayo haili) iliivaa kwa shida.

Jumamosi nikaipeleka mwenyewe kwao Bungoma, nikafika nimechelewa, hema limejaa, wazee wamekaa, sufuria za kuku zinafuka. Nafuna kuiona tu akashtuka, "Fundi, hii ni nini?" lakini nje walikuwa wanamwita na nguo nyingine aliyokuja nayo ni suruali iliyochanika magotini, kwa hivyo shangazi yake akapigana na zipu, na Nafuna akatoka kwa hatua za kuku aliyefungwa miguu.

"Si nirisema?" mzee mmoja akanong'ona kwa sauti. "Hata kwa mamake!" Simu zikainuliwa.

Nafuna akafika mbele ya mamake, akapiga magoti kumsalimia, na nguo ikalia praaa, kutoka pindo mpaka kiunoni.

Pasta akaanza kuchunguza paa la hema. Nafuna alibaki pale chini analia, nami nikajua watasema amekuja kuwatusi wazee, na mamake hatampokea tena, na kosa si lake. Sijui nilipata wapi miguu. Nikasimama katikati (mtu mzima, tepu shingoni) nikapaza sauti: "Si yeye, ni mimi! Aliniambia nguo ya kalamu!" na ili waelewe nikachomoa kalamu mfukoni nikaiinua juu.

Mama akaitazama kalamu, akamtazama bintiye. "Wewe ulimwambia nini?"

"Nguo ya kalamu, mayi. Si ya hii kalamu yetu ya leo? Ya kukula kuku?"

Karamu! Jamani. Na mimi mzaliwa wa Webuye, huko huko Bungoma, ambaye mpaka leo huita redio ledio, sikuelewa.

Mama akaanza kucheka, mabega kwanza, mpaka akapangusa machozi, kisha akafungua leso yake kiunoni akamfunga Nafuna. "Inuka, mwanangu. Nilidhani umekuja kunionyesha mwili. Kumbe ulitaka kukula na sisi." Wakakumbatiana, na mimi nikalia nyuma ya sufuria (nilisema ni moshi).

Video ilizunguka, ndiyo. Siku hizi Nafuna huimba na leso ya mamake juu ya neti, wanaogombana bado wanagombana, na mama hukaa mstari wa mbele.

Mimi nimeapa. Mteja yeyote wa Bungoma akinipigia nauliza kwanza: ya kula au ya kuandika? Juzi alipiga mama mwenyewe, ati anataka nguo ya kalamu. Nikauliza.

"Fundi," akasema, "hebu shona ile ya kuandika. Lakini uache nafasi ya kupiga magoti."