Mkate Uliochovywa wa Akina Hedley

Mwalimu Mkuu mstaafu Winifred Hedley, mjane wa Sunderland, kaskazini mwa Uingereza, hakuwaficha watu kwamba marehemu mumewe alikuwa na bucha. Hakuwatangazia pia. Mkate wa nyama ya ng'ombe ya kuoka, uliochovywa kwenye mchuzi, aliuona chakula cha kuliwa umesimama mlangoni pa bucha.

Jumapili ile walikuja wakwe watarajiwa kutoka kusini, Jaji Ashcombe na mkewe Rosalind, kumwona Colin, kijana wake aliyemposa binti yao. Winifred aliapa wasiondoke na neno baya la kusema. Akaandaa sandwichi za kusini kwao: nyama baridi, haradali, kingo za mkate zimekatwa.

Ndipo Norman, mdogo wa marehemu na mrithi wa bucha, akaingia kwa mlango wa nyuma na pande la nyama linalofuka mvuke na sufuria ya mchuzi.

"Shemeji! Posa bila nyama ya moto? Watasema tumefilisika!" Akatupia sinia jicho. "Na hizi nini, stempu?"

Jaji akakohoa. Winifred alitamani ardhi ipasuke. Akamtazama mwanawe: Colin ameinamisha kichwa, anamwonea haya baba yake mdogo. Hilo likamchoma kuliko kikohozi cha jaji. Haya ile Winifred mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

"Huo mchuzi unamwagwa juu?" Rosalind aliuliza kwa upole.

"Haumwagwi. Mkate ndio unaochovywa." Winifred akasimama, akajifunga aproni. "Norman, kata nyama. Nene."

Akachovya mkate, akahesabu mbili, akautoa. "Kipande cha juu tu. Cha chini kikiloa, nyama itakuangukia mapajani. Mume wangu alichovya hivi miaka thelathini, hakuna aliyelalamika."

"Ila kasisi," akasema Norman.

"Kasisi alilalamikia kunyimwa mkate wa tatu."

Jaji akashika kisu na uma.

"Weka chini, Mheshimiwa. Mikono miwili, kichwa juu ya sahani."

Akatii kama mtoto wa darasa la kwanza. Mchuzi ukamtiririka kidevuni, mkewe akacheka mpaka machozi.

"Kwetu mkate kama huu waliula watumishi jikoni," alisema Rosalind, kisha akajiziba mdomo.

"Basi watumishi wenu waliwazidi akili," alijibu Winifred, akamwongezea nyama.

Colin akavuta kiti karibu na Norman. "Baba mdogo, nichovyee na mimi."

"Mwombe mama yako. Mkono wa marehemu kaka yangu anao yeye."