Kisahani cha Igihozo

Fundi wa video wa pale Gisenyi hushika kisahani cha DVD ukingoni kwa ncha za vidole, hukipuliza, hukisukuma kwenye kompyuta, kisha hulaza sikio asikie kama kinasoma. Hiki cha Mama Igihozo kilikwaruza tu. Akakiinua kwenye mwanga, akaona michubuko ya kitambaa, duara juu ya duara, ile inayoua kila kilichorekodiwa.

“Mama, ulikuwa unakipangusa?”

“Tangu Igihozo azikwe! Kila siku ya Mungu, nikitoka kanisa, na kitenge yake, nazungusha polepole. Sikutaka vumbi ikamate mutoto wangu. Bon, ukimaliza, unikatie kile kipande anacheka, nikuwe naisikia.”

Fundi akakipuliza kisahani. Akakirudisha kwenye kompyuta, akalaza sikio. “Ngoja kidogo, mama,” akasema, akisikiliza kicheko alichojua hakipo tena.