Nsanzimana Nje ya Kundi

Ilitangazwa rasmi mwaka 2021, kwa karatasi yenye mihuri miwili, kwamba siku volkano ya Nyiragongo itakapolipuka hakuna mkaaji wa avenyu yetu, yaani mtaa wetu, atakayeachwa nyuma, mradi awe ndani ya kundi la WhatsApp. Wagonjwa wangebebwa kwa gari, kwa kufuata majina yaliyoandikwa humo.

Mukamazimpaka hakuweza kutembea. Goti lilikuwa limemvimba kama papai. Mumewe Nsanzimana, fundi wa chukudu, yale magari ya mti yanayosukumwa kwa mguu, hakuwa na simu. Wasomi wa avenyu walisema ni ujinga wa wazee. Kumbe kwa vifaa aliwatangulia. Mwaka 1996 alikuwa na redio yenye antena ndefu. Waasi wakamwita mpelelezi, wakampiga. 1998 ilikuwa redio ya kaseti: waasi wengine, fimbo zilezile. 2012, simu yenye kamera. Kila uasi ulimkuta na kifaa kipya, naye akaamua kuunyima uasi ujao ushahidi.

Binti yake Deborah, aliyeolewa avenyu nyingine, alikuwa na WhatsApp lakini aliikimbia TikTok, tangu mchungaji alipomwona akicheza humo. Mjukuu Igihozo alikuwa amekwisha kuihama WhatsApp: mama yake yumo.

Bagalwa, chefu wa avenyu, mkuu wetu na mwenye kundi, alikuja mwenyewe.

— Muzee, mutu hayuko mu groupe, siku ya moto tutamuita namna gani?

— Kwa jina, Papa Bagalwa. Siku ya kunywa kasiksi yangu ya ndizi unalijuaka.

— Na mama? Atabakia humu?

Mukamazimpaka akajibu mwenyewe kutoka kitandani:

— Basi uniandike mimi.

— Simu yako iko wapi, mama?

— Ni wewe unaleta groupe. Leta na simu.

Bagalwa akaandika kwamba jambo linachunguzwa.

Jumamosi moja jioni, mbingu ya upande wa Nyiragongo ikawa nyekundu. Gari halikuonekana, dereva naye alikuwa na familia ya kuokoa. Nsanzimana akampakia mkewe kwenye chukudu ya mteja, juu ya mfuko wa makaa, wakashika mteremko wa kwenda mpakani.

— Hii iko na freni?

— Mteja hakuomba freni. Shikilia.

Usiku huo lava ilisimama kabla ya kufika kwetu.

Katika kundi, chefu peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuandika. Ujumbe wa kuwaambia wagonjwa wajitayarishe uliwafikia wote kwa pamoja, Jumapili saa nne asubuhi. Mukamazimpaka, aliyerudi nyumbani saa mbili asubuhi hiyo, alikuwa anamenya viazi.