Nguzo Mbili za Baba

Baba yangu alifanya kazi miaka mingi bandarini Mombasa, kwenye mashua iliyotunza alama za kuongozea meli. Walipaka maboya rangi, wakabadilisha taa zilizozimika, wakafyeka vichaka vilivyoficha nguzo za ufukweni. Alipostaafu tulidhani atarudi magharibi kwa ndugu zake. Kumbe alikuwa amenunua ploti ng'ambo ya Noonkopir, hapa Kitengela, ambako hata maji ya kunywa yalikuwa shida, sembuse bahari.

Ila mvua ikinyesha, ule uwanda haukuwa na mchezo. Udongo mweusi ulilowa ukameza magurudumu mpaka vyuma. Kutoka lami hadi kwetu palikuwa na ukanda mmoja tu wa changarawe ngumu, mwembamba, tena umefichwa na nyasi. Basi baba akasimamisha nguzo mbili akazipaka chokaa: fupi mbele ya nyumba, ndefu nyuma yake.

"Ukitoka lami angalia hizo nguzo," alimwambia kila mgeni. "Zikipandana ziwe kama moja, kuja. Zikiachana, simama." Ndivyo meli zinavyoingia bandarini bila kugonga mwamba, aliongeza, na hayo alimweleza hata muuza makaa wa baiskeli.

Mama alimcheka. "Mzee, hiyo meli ikifika uniambie niweke chai."

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilienda kujifungulia kwao. Mume wangu alikuwa kazini Magadi, na joto la kule sikuliweza tena na tumbo lile. Mvua zilikuwa hazikatiki. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na kliniki walinionya nisijaribu kabisa kuzalia nyumbani. Uchungu uliponianza asubuhi, polepole, baba alivaa gamboti akaenda mjini kutafuta gari. Jirani yetu, mama wa Kimaasai aliyetuletea maziwa, akabaki kunisugua mgongo.

Mama yangu hajui kukaa na wasiwasi mikono mitupu. Alifua shuka zote za nyumba. Mti wa kamba ya nguo ulikuwa umeanguka kwa tope, akaona nguzo fupi ya baba imesimama bure. Akaing'oa, akaichimbia kando kidogo, mahali kamba ilipofika, akaanika.

Pikapu ilipokuja, baba alikuwa amesimama nyuma, mkono umenyooka mbele. Dereva alitusimulia baadaye kwamba alimwambia, "Mzee, si njia iko hapa kulia?" Baba akamjibu, "Fuata nguzo." Alikuwa ameziamini nguzo maisha yake yote ya kazi, hangeanza kuzishuku siku hiyo. Pikapu ikazama.

Niliwaona kupitia dirisha, nikaanza kulia. Uchungu ulikuwa umekaza sasa, na niliogopa kwamba mtoto wangu atafia pale, karibu hivyo na gari. "Vumilia, nakerai," jirani alininong'oneza, yaani mtoto wangu. Mama alikuwa mlangoni. Aliangalia gari, akaangalia nguzo, akashika kichwa. "Yesu wangu! Ni mimi nimewapoteza."

Alivuta shuka nyeupe kwenye kamba akakimbia mpaka kwenye shimo la zamani la nguzo. Akasimama humo, tope kwenye vifundo, akainua shuka kwa mikono miwili juu ya kichwa. Wachungaji wa ng'ombe waliokuwa karibu walisaidia kuisukuma pikapu irudi nyuma. Baba akatazama shuka, akatazama nguzo ndefu, akamwelekeza dereva mpaka vikapandana. Walikuja moja kwa moja.

Nilipopakiwa nilimwita mama. Nilitaka aje na mimi. Nilikuwa mtu mzima mwenye mume, lakini nilimtaka mama yangu.

"Siwezi, mama," alinijibu nyuma ya shuka. "Mtatokaje?"

Kwa maana meli inayotoka nayo inaongozwa na alama zilezile, zikitazamwa kwa nyuma. Jirani aliingia mbele akanikumbatia. Baba alikaa nyuma akiitazama nyumba, akigonga paa la gari: mara moja kulia, mara mbili kushoto. Kwenye kioo cha pembeni niliona kile kitambaa cheupe chini ya nguzo ndefu, kikizidi kuwa kidogo, bila kutikisika. Mvua ilikuwa imeanza tena.

Tulipofika lami baba alishuka, akanishika mkono, akarudi kwa miguu. Binti yangu alizaliwa siku hiyohiyo kwa upasuaji, mzima, mwenye kelele. Nimemshukuru Mungu kwa ajili yake kila mwaka, na kila mwaka nawashukuru wale wazee wawili.

Baba ndiye aliyenieleza yaliyobaki. Alimkuta mama palepale shimoni, shuka imelowa chapa, mikono bado iko juu. Na kwa kuwa shuka ilimfunika uso, hakuwa ameona chochote tangu tuondoke. Alisikia tu gamboti zikikaribia.

"Mzee," aliuliza, "wamefika lami? Nishushe?"