Nusu ya Pili ya Wimbo wa Kambo Rebeka

Hadi leo, nikisikia mtu anakaza nyuzi za gita la mbao, narudi Berea, mtaa wa jiji la ugenini nilikokulia, kwenye ghorofa letu ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujahamia, korido zikinuka nta ya sakafu na sombe, kisamvu cha kwetu.

Baba yangu alikuwa mlinzi wa ofisi kule Braamfontein. Siku za mapumziko alipiga gita kwa mtindo wa kwao Lubumbashi, kidole gumba kikitembea kwenye nyuzi nene, cha shahada kikiimba juu yake. Ukisikia kutoka koridoni ungedhani wapigaji ni wawili.

Mlango wa pili aliishi mama mmoja mzee wa Kiyahudi. Alitaka tumwite Kambo Rebeka. Kambo ndiyo bibi kwa watu wa Lubumbashi, na yeye alizaliwa huko, wazazi wake wakiwa wametoka kisiwa cha Rodo. Siku ya kwanza aliponikuta kwenye ngazi na kuniuliza, "Mutoto, mama yako iko wapi?" nilimwonyesha mlango wetu kwa kidole. Niwaambieni ukweli, Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mimi mama akinisemesha nilimjibu kwa Kiingereza.

Nikiwa na miaka kumi, mwanawe alikuja kumchukua wakaishi wote Australia. Ijumaa moja mchana, masanduku yakiwa yameshafungwa, Kambo aliingia kwetu akamwomba baba ampigie wimbo. Mama yake aliuimba kila Ijumaa baada ya kuwasha mishumaa ya Sabato, kwa Kihispania cha kale cha Wayahudi wa Rodo. Kambo alikumbuka mwanzo tu. Dada zake walishakufa, hakuwa na wa kumuuliza. Alitaka walau ule mwanzo, ausikie mara moja kabla hajaondoka.

Akauimba midomo ikiwa imefumbwa. Baba aliinamisha kichwa, akamfuata taratibu, akitafuta sauti moja moja. Mama alizima jiko. Kambo alipofika pale anaposahau, akanyamaza. Baba hakunyamaza. Vidole vyake viliendelea, vikapanda, vikageuka, vikashuka, kama mtu anayetembea gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kambo alishika ukingo wa meza. Kisha maneno yakamjia, neno likivuta neno, kwa sauti nyembamba, katika lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, mpaka mwisho.

"Ile wimbo, nani alikufundisha?" akauliza.

"Baba yangu, Mama. Alikuwa anatubembeleza nayo tukilia. Siye tulijua ni wimbo yake."

Ndipo baba akaeleza kwamba babu, ujanani, alipanga vitambaa kwenye duka la Wayahudi, na wenye duka waliishi nyuma ya duka hilo hilo. Kina Kambo nao walikuwa na duka la vitambaa; kama ndilo lile, hawakuweza kujua. Walilitafuta kwa mazungumzo, mtaa kwa mtaa, hadi jua likaanza kushuka na Kambo akainuka kwenda kuwasha mishumaa.

Wakati ule niliamini baba amefanya muujiza. Ukubwani ndipo nilipomfikiria babu: kijana aliyesimama katikati ya vitambaa, akisikiliza ukutani wimbo usio wake, akaubeba mpaka nyumbani kwa wanawe. Alifariki kabla sijazaliwa. Ijumaa ile ndiyo siku pekee niliyokaa naye chumba kimoja.