Asilimia Moja ya Marehemu Karto

Wagiman alikuwa fundi pikipiki, lakini ukimwuliza angekwambia yeye ni mtaalamu wa vidirisha. Kioo cha kompyuta yake kilijaa vidirisha, vijiprogramu alivyoviandika mwenyewe: kimoja cha joto la nje, kimoja cha mvua, kimoja cha kumkumbusha kulisha njiwa. Vyote vilionyesha namba nzima, maana desimali kwake zilikuwa uchafu usoni. Namba zenyewe, na mikia yake yote ya desimali, alizihifadhi ndani bila kupoteza hata chembe.

Mwaka huo akagombea uenyekiti wa mtaa wetu hapa mjini Solo. Sababu ilikuwa moja: Pak Kasdi, mzee wetu na mwenyekiti wa miaka nenda rudi, alikuwa akituamsha kila alfajiri kwa kipenga tukafanye mazoezi ya viungo, wazee kwa vijana, mvua kwa jua. Wagiman alikuwa amechoka mpaka basi. Alitaka usingizi wake, na uenyekiti aliutaka kuliko kitu chochote.

Kura zikapigwa kwa simu, kidirisha kikazijumlisha na kuzionyesha ukutani kwa asilimia: Wagiman 38, Kasdi 37, Bu Narti, mama muuza tempe za soya, 26. Makofi yakaanza.

"Subirini," akasema Pak Kasdi, akihesabu kwa vidole. "Hiyo ni mia na moja. Hiyo moja ya nani?"

"Pak, nimezipandisha na kuzishusha hadi namba nzima, za kuonyesha tu. Zenyewe kamili zimo ndani."

"Kumbe una namba ya usoni na nyingine ya tumboni? Na mtu wa hivyo ndiye tumpe mtaa?"

Watu wakacheka. Wagiman akashika kipanya. Bonyezo moja tu, desimali zingetokea, jumla ingerudi mia, na Kasdi angeufyata mkia.

Lakini Bu Tumini, mjane wa babu yetu Mbah Karto tuliyemzika wiki ile ile, alikuwa ameshasimama. "Ni mume wangu," akasema. "Yule hajawahi kukosa kupiga kura."

Sisi watu wa Solo, wafu wakija kututembelea, hatubishi. Mara wali ukapakuliwa, na yai, na kahawa nyeusi, vikawekwa mbele ya kiti kitupu cha marehemu. Pak Kasdi, hana haya yule, akadai marehemu alikuwa mwenzake wa sataranji, kwa hiyo ile moja ni yake, kwa hiyo wamefungana thelathini na nane kwa thelathini na nane, na wakifungana wa zamani anabaki. Watu wazima wakatikisa vichwa kukubali.

"Giman, mwanangu," mjane akauliza kwa sauti ndogo, "mashine yako imemwona kweli?"

Uso wake ulikuwa umenawiri kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Wagiman akamtazama, akatazama kidole chake juu ya kipanya. Roho ilimuuma, acha tu.

"Imemwona, Bu," akasema, akaizima kompyuta.

Kesho yake alfajiri kipenga kikalia. Wagiman akatoka macho mekundu, akanyoosha mikono juu kama alivyoamriwa, akimlaani Kasdi kimoyomoyo. Bu Tumini, aliyekuwa safu ya mbele yake, akageuka.

"Nisikufiche, Giman. Mume wangu hakukupenda hata kidogo. Ndiyo maana hakukupigia kura."

"Najua, Bu."

"Lakini uchaguzi ujao usiirekebishe hiyo mashine," akasema, huku akiinama kushika vidole vya miguu. "Nitampikia mapema."